Sato ndani ya Mto Mpiji

Jumamosi alfajiri nilikuwa Mto Mpiji, upande wa Bunju, na chambo cha nyungunyungu. Nikavuta samaki wa sentimita 24. Mzee aliyekaa jirani akamtazama: "Perege huyo, mwanangu."

Niliitikia kwa heshima, lakini mkia ulinizuia kukubali. Nilipoukunjua ulikuwa na mistari myembamba ya wima, imepangana kuanzia shina mpaka ukingoni. Perege wa asili wa mito yetu, yule wa Ruvu, Wami na Rufiji, kitaalamu ni Oreochromis urolepis, na mkia wake hauna mistari iliyopangika hivyo. Huyu ni sato, Oreochromis niloticus, yule yule tunayeletewa kutoka Mwanza. (Na hata Ziwa Victoria si kwao, alipandikizwa huko miaka ya 1950.) Huku pwani watu humfuga mabwawani, na bwawa likifurika wakati wa masika, anapata njia ya kwenda mtoni.

Kinachoniuma ni kwamba sato huzaana na perege wetu. Vifaranga wanakuwa chotara, nao chotara wanazaana tena, na huwezi kuwatenganisha kwa macho. Perege halisi anaweza kupotea huku mto umejaa samaki.

Nilimweka juu ya rula, nikampiga picha mkia ukiwa umekunjuliwa, nikamwonyesha mzee ile mistari. Akanyamaza kidogo.

"Wale tuliovua utotoni," akasema, "madume yao yalikuwa na mapezi yenye kingo nyekundu."