Duara la maji na kikombe changu cha chai

Jana jioni niko kibarazani hapa Moshi nasubiri mlima utokeze, nikakoroga chai nikatoa kijiko, majani yakaendelea kuzunguka yenyewe, nikamkumbuka mzee mmoja mvuvi kule Tanga alivyonicheka nilivyomwambia bahari ni maji kupwa na kujaa basi. "Mwanangu, bahari ina mito yake humo humo."

Na kweli bana. Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, sasa kusi ikishika kasi kwenye mwezi wa 6 hivi unapata nguvu, unavuka ikweta, unaambaa Somalia mbio mbio, halafu ukifika kule juu unaachana na pwani unajikunja. Hapo ndo linazaliwa duara la maji la kama kilomita 500, yaani Moshi mpaka Dar kwa mstari ulionyooka na chenji inabaki! Linazunguka kama mishale ya saa, na mzunguko wa dunia ndo unalishikilia lisitawanyike ovyo. Pembeni pale upepo unasukuma maji ya juu yaende mbali na ufukwe, ya chini ya baridi yanapanda na chakula, samaki nao hawajivungi.

Hilo angalau linatulia mitaa yake. Maduara ya mlango bahari wa Msumbiji yanahama taratibu kwenda kusini, na yale yanayokatika kwenye mkondo wa Agulhas, ule wa pwani ya Afrika Kusini, ndo watoro kabisa, yanakatiza Atlantiki miaka na miaka yakiwa bado yamebeba maji ya Bahari ya Hindi.

Chai imepoa, mlima wenyewe bado umejifunika.