Taa ya milango haitoshi: dereva wa treni isiyo na gadi anavyokagua jukwaa

Hapa Malindi dereva wa matatu huondoka makanga akishagonga bodi. Kwenye treni nyingi za Uingereza hakuna gadi, yaani mhudumu wa treni, wa kugonga; kazi ya milango ni ya dereva peke yake. Njia ya treni ya chini ya ardhi ya Victoria jijini London ilifunguliwa hivyo mwaka 1968. Ile ya kutoka mji wa Bedford hadi stesheni ya St Pancras, London, ikafuata 1983, na leo inapita treni za mabehewa 12, karibu mita 240. Mlango wa mwisho atauonaje?

Anauona kwa kamera. Stesheni nyingine zina skrini jukwaani, mkabala na chumba cha dereva. Treni mpya zina kamera ubavuni na picha humfikia alipokaa. Skrini za jukwaani zina masharti: asimame penye alama yake hasa, maana akipitiliza hazioni vizuri. Jua likizipiga, au lenzi ikishika matone ya mvua, picha hufifia.

Akishafunga milango, taa ya milango huwaka chumbani mwake na mota huruhusiwa kuvuta. Hapo ndipo penye hatari. Taa inathibitisha milango imefunga, lakini mpira wa kingo ni laini, na kitu chembamba kama kamba ya mkoba au pindo la buibui kinaweza kubanwa na taa ikawaka vilevile. Katika stesheni ya West Wickham, London, Aprili 2015, ilikuwa kamba ya mkoba wa mgongoni: abiria aliburutwa akaanguka chini kati ya treni na jukwaa. Julai mwaka huohuo, katika stesheni ya Hayes & Harlington, ulibanwa mkono.

Kwa hiyo ukaguzi wenyewe hasa huja baada ya taa. Dereva apitie picha moja moja mpaka ya mwisho, akitafuta uwazi kati ya ubavu wa treni na watu. Aliyeegemea mlango, anayevuta kitu, mtoto aliye karibu mno: asubiri. Akiwa na shaka, afungue tena. Sekunde chache za kuchelewa si kitu. Picha ikizimika, milango ya sehemu hiyo haijakaguliwa hata kidogo, na lazima itazamwe kwa macho, yake akishuka au ya mfanyakazi wa jukwaani.

Asiahirishe ukaguzi huo akitegemea kutupa jicho treni ikianza kusogea. Skrini za jukwaani zitakuwa zimebaki nyuma, na macho yake yanahitajika mbele, kwenye reli na ishara.