Siku niliyokwenda kulimbua Taleigao

Agosti 2014 nilikuwa nimetimiza miezi 13 Goa, pwani ya magharibi ya India. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili kwenye chuo kilichoko juu ya uwanda wa Taleigao, nimepanga chumba cha uani kwa bibi mmoja Mgoa aliyezaliwa Unguja. Siku ya kwanza nilipokwenda kuulizia chumba, nilimsalimia kwa Kiingereza. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwani, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. "Tanzania pahala gani?" Pwani, nikasema, Rufiji. Akafungua mlango wote, akasema kwa Kiswahili kilichotulia cha Mji Mkongwe: "Basi mbona wasimama nje? Ingia, mwanangu." Shikamoo yangu ilitoka imechelewa, na ikanitoka kwa sauti ya mtu aliyekabwa na kitu kooni.

Baba yake alikuwa fundi cherehani Unguja. Waliondoka mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kwa meli mpaka Bombay, kisha wakateremka Goa, ambako Mreno alikuwa ameshatolewa tangu Desemba 1961. Kwa hiyo bibi aliingia nchi ya wazee wake akiwa mwari mkubwa, hajui kulima, Konkani yake, lugha ya Goa, imechanganyika na Kiswahili. Watu wa namna yake huko huitwa Africander. Miaka 50 ilikuwa imepita, ana wajukuu, na bado muuza samaki akipita aliulizia "nyumba ya Africander". Watoto wake wawili walikuwa Swindon, Uingereza, kama vijana wengi wa Goa waliopata pasi za Kireno. Ndiyo sababu jioni ya tarehe 20 aligonga mlango wangu mimi.

"Kesho nishike mkono. Goti halinipi ruhusa. Twaenda kulimbua."

Sikuwa nimelisikia neno hilo tangu niondoke kijijini kwenda shule ya bweni. Mara ya mwisho lilitoka mdomoni mwa bibi yangu mzaa mama, na yeye hakuwa akilitumia ovyo. Kulimbua si kula tu chakula kipya. Ni kukionja cha kwanza kabisa, baada ya mwenye haki ya kwanza kupewa chake.

Wenyewe huiita Konsachem Fest, sikukuu ya masuke. Kons ni suke la mpunga. Kila kijiji kina tarehe yake. Raia, upande wa kusini, huanza tarehe 5 Agosti. Taleigao ni tarehe 21, na watu wa Taleigao wanaishikilia tarehe hiyo kwa fahari kubwa. Wanasimulia kwamba Mreno Afonso de Albuquerque alipoiteka Goa mwaka 1510, wao ndio waliolilisha jeshi lake, na kwa ajili hiyo wakapewa heshima ya kukata mpunga wa kwanza. Baadhi ya masuke hupelekwa tarehe 24 kwenye Kanisa Kuu la Sé, kule Old Goa. Lakini mimi nilivyoona, jambo lenyewe ni la kale kuliko padri na kuliko Mreno. Majirani Wahindu nao huingiza masuke mapya nyumbani, siku ya pili ya Chavath, sikukuu ya mungu wao Ganesh, ambayo mwaka ule iliangukia tarehe 29. Ni mpunga ule ule, bonde lile lile, unapita mlango huu wiki hii na mlango wa pili wiki ijayo.

Nilimwambia bibi kwamba mimi ni Mwislamu, nisije nikaharibu ibada ya watu. Akasema, "Wewe wanishika mkono tu. Misa utanisubiri barazani." Akaniachia mwavuli mkubwa mweusi mlangoni ili nisipate kisingizio cha mvua.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kunyunya, ile ya masika yao ambayo huwa haina haraka. Nilimfikisha Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, nikakaa barazani pamoja na mama mmoja muuza maua, Mhindu, aliyekuwa akishona shada kwa uzi bila kuangalia vidole vyake. Ndani wakawa wanaimba. Kanisa kwa Konkani ni igorz. Bibi aliwahi kunihadithia kwamba utotoni Unguja neno hilo lilimsumbua sana: nyumbani igorz ni pahala pa kusali, mtaani gereza ni pahala pa kufungwa, na yote mawili ni igreja ya Mreno iliyoshuka bandari mbili tofauti. Meza vilevile ni mez kwao, na pera ni per. Nilikuwa nikiyaokota maneno hayo sokoni moja moja.

Misa ikaisha, beni ikatangulia: matarumbeta, ngoma kubwa, vijana wenye mashati meupe yaliyolowa mgongoni. Nyuma yao msalaba, padri chini ya mwavuli, halafu wanakijiji, wengi wao wazee. Tukateremka kuelekea mashambani. Hapo lazima niseme nilichokiona, kwa sababu kiliniumiza na kinaniuma mpaka leo. Bonde la Taleigao lilikuwa limekatwa na barabara, na pembeni maghorofa yamepanda mpaka ukingoni mwa mpunga. Kutoka veranda za ghorofa la karibu watu walikuwa wakitupiga picha. Bibi alisimama akanionyesha kwa fimbo: pale palikuwa mpunga, na pale, na pale mbele ya lile bango. Alivyofika yeye akiwa msichana, alisema, kutoka kanisani ulikuwa ukiona kijani tupu mpaka macho yanachoka.

Tulitembea juu ya tuta la udongo, mimi upande wa chini ili akiteleza animwagikie mimi. Mzee mmoja mkulima, mwenye mundu kiunoni, akawa anatufafanulia njiani, bibi anatafsiri. Mabonde mengi ya Goa huitwa khazan. Hapo zamani yalikuwa mikoko na matope ya mito ya chumvi, mababu wakayazungushia kingo, wakaweka milango ya mbao inayojifunga yenyewe bahari ikijaa na kufunguka maji yakikupwa, ili ya mvua yatoke na ya chumvi yasiingie. Na wana mbegu yao, korgut, inayostahimili chumvi. Nilimwambia bibi amwambie mzee kwamba mimi nimetoka kwenye delta ya Rufiji, kwetu nako mpunga unalimwa palipokuwa mikoko, na maji ya chumvi yakipanda unalala na shamba unaamka na majani makavu. Mzee akasimama. Akauliza kitu kimoja tu: "Mnafunga kingo?" Nikasema kingo kama hizi hatuna. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba, tukaendelea.

Kishamba cha sherehe kilikuwa kidogo, hakizidi uwanja wa mpira wa watoto. Mpunga wa mvua kule hupandwa Juni na kuvunwa Septemba na Oktoba; tarehe 21 Agosti mwingi bado haujaiva. Padri akanyunyiza maji ya baraka, mvua nayo ikinyunyiza juu yake. Akapewa mundu uliofungwa utepe. Beni ikanyamaza. Tulisikia mabua yakikatika, sauti kavu, fupi, kama mtu anayechana kanga mpya kuitenganisha. Ndipo fataki zikalipuka, matarumbeta yakaanza tena, na wakulima wakaingia kukata na kugawa.

Yule mzee akamletea bibi mganda mdogo. Bibi akasema "Dev borem korum," Mungu akutendee mema, ndivyo wanavyoshukuru, kisha akanigeukia mimi: "Shika. Usiuangushe."

Nikaushika. Masuke 12 au 13, rangi baina ya kijani na manjano, kila punje ina kimwiba chembamba na tone la maji kwenye ncha. Bila kufikiri nikaiminya moja kwa ukucha. Ikatoa maziwa. Mkono ulikuwa unajua kabla yangu. Nilikuwa na miaka saba, niko juu ya dungu na bibi yangu, naamia ndege kwa kamba ya makopo, na yeye kila asubuhi anashuka, anaminya punje moja, ananionyesha ukucha wake mweupe: bado. Kesho yake: bado. Mpaka asubuhi moja akaminya, punje ikawa ngumu kidogo, laini kidogo, akaita wanawake wenzake waje na vinu.

Sikuwa nimemfikiria hivyo kwa miaka. Pale chuoni wakiniuliza kwetu nilikuwa nikisema Dar es Salaam, kwa sababu Rufiji ilihitaji maelezo. Siku ile, pale kwenye tope, nilijutia kila mara niliyosema hivyo.

Tulirudi polepole, bibi mkono mmoja, mganda mkono mwingine, mwavuli tumeuacha ufungwe kwa sababu wote tulikuwa tumeshalowa. Nyumbani kwake kulikuwa na kimadhabahu cha mbao, na nyuma ya sanamu ya Bikira kulikuwa na suke la mwaka jana, limekauka na kupauka kama nyuzi za katani. Alilitoa kwa heshima, akaenda nalo jikoni, akafunua mtungi wa mchele, akalifikicha humo kwa viganja viwili. "Lisikae bure," alisema. Kisha akalifunga jipya kwa uzi mwekundu, akanipa nilipandishe kwa sababu mkono wake haukufika. Masuke mawili akayachomeka juu ya mlango wa mbele. Moja akanipa mimi, la chumba cha uani.

Ndipo akaleta bakuli.

Sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15 alikuwa amenilisha patoleo, unga wa mchele uliopakwa kwenye jani bichi la mmea wa manjano, ukawekwa nazi na sukari guru katikati, ukakunjwa na kupikwa kwa mvuke. Harufu ya jani lile ukiifungua huisahau lini? Lakini cha siku ile kilikuwa kingine. Kwenye bakuli mlikuwa na punje bapa, nyembamba, ambazo ukiziinua kwenye kijiko mwanga unapita. Zimechanganywa na nazi ya kukuna, vipande vya sukari guru vilivyoanza kuyeyuka, na iliki. Wao huita fov. Zile hazikuwa za mpunga tuliokata asubuhi, huo ulikuwa bado maziwa; alizinunua. Lakini siku ya masuke ndicho chakula chenyewe.

Nikatia mdomoni. Nikaacha kutafuna.

"Bibi, hii si pepeta?"

Akaweka kijiko chini. Midomo yake ikatembea bila sauti, mara mbili.

"Pepeta," akasema. "Ee Mungu wangu. Pepeta! Mie miaka 50 nalitafuta neno hilo. Nimewauliza wote waliotoka Unguja, hakuna alokumbuka. Nakumbuka mwanamke, akija kutoka shamba na ungo kichwani, mama ananituma na sahani. Sura yake naiona. Kanga yake naiona. Anaita vipi, siikumbuki."

Nikamsimulia jinsi inavyotengenezwa kwetu: mpunga ukiwa mchanga, haujakauka, unakaangwa kwenye chungu mpaka uanze kualika, unamwagwa kinuni ungali moto, wanawake wawili wanapokezana michi haraka haraka kabla haujapoa, kisha ungo, wishwa lipeperuke. Akanisikiliza amefumba macho. Halafu akauliza, kama mtu anayerudi kwenye hesabu aliyoiacha: "Na kwenu, nani hulimbua wa kwanza?"

Nikajikuta nalijua jibu. Bibi yangu alikuwa akichota viganja vitatu kabla hajaruhusu mtu kugusa. Kimoja cha mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, atuombee dua. Kimoja cha jirani ambaye shamba lake lilichukuliwa na maji mwaka ule, na kila mwaka hakosekani mmoja. Kimoja alikirudisha shambani, akakimwaga kwenye kona ya chini, karibu na mto, na hakutuambia ni cha nani. Sisi watoto tulisimama tumeshika bakuli zetu, mate yanatutoka, na hakuna aliyethubutu.

"Tatu," bibi alisema. "Enhe." Akainuka, akachota bakuli jingine, akanituma nyumba ya pili kwa majirani Wahindu, waliokuwa wameanza kukusanya matunda na mimea ya kutundika juu ya Ganesh wao. Walinirudishia bakuli lina limau mbili ndani yake, maana bakuli halirudi tupu.

Usiku mvua ikazidi. Chumba changu na sebule yake vilitenganishwa na ukuta mwembamba, na nilimsikia akiongea na mwanawe wa Swindon kwenye simu. Waliongea Konkani, haraka, nikawa nadaka neno moja moja: igorz, kons, mvua, goti. Kisha akanyamaza kidogo, na nikamsikia akimfundisha kitu, anakikata vipande, anangoja upande wa pili urudie.

"Pe," alisema. "Pe. Ta."