Sakafu ya mvule Nyali: nilianza na maji kabla ya msasa

Baada ya masika, kila aliyeingia sebuleni kwa mama alinipa ushauri uleule: ng'oa mbao hizo, tia vigae, upumzike. Niliwaelewa. Sakafu ilikuwa imetuna karibu na mlango wa barazani mpaka mlango haufungi, vibao kadhaa vilicheza chini ya mguu, na vanishi ilibaki chini ya makabati tu. Nyumba yenyewe ni ya miaka ya 1950, mojawapo ya zile bangalo za Nyali zilizojengwa wakati watu bado wanavuka kutoka kisiwa cha Mombasa kwa daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931. Wajenzi wake walimwaga saruji, wakapaka lami, wakapanga juu yake vibao vya mvule vya inchi 9 kwa 3, vikikutana mshazari kama mifupa ya samaki.

Vigae sikuvitaka. Kibao kimoja kina unene wa karibu milimita 20, na msasa ukipigwa kwa adabu hula milimita moja au chini ya hapo. Sakafu ya aina hii inaweza kufanywa upya mara kadhaa kabla haijaisha. Na mvule uliokomaa kama ule haupatikani tena kirahisi, hata ukiwa na pesa mkononi.

Lakini msasa ulisubiri. Pwani, mbao huharibiwa na unyevu kuliko kitu kingine chochote, na ukipiga msasa na vanishi juu ya sakafu inayonyweshwa maji kutoka chini, masika yanayofuata itatuna tena. Kwa hiyo nilianza kwa kubandika vipande vya nailoni juu ya saruji pale vibao vilipong'oka, nikaviziba kingo zote kwa utepe wa gundi na kuviacha usiku kucha. Katikati ya sebule nailoni ilibaki kavu. Upande wa baraza ilitoka jasho, yaani unyevu ulipanda kutoka chini pale.

Nje ya ukuta wa upande huo palikuwa na bustani ya maua ambayo kwa miaka mingi iliongezwa udongo na mbolea, mpaka udongo ukapanda juu ya lile tabaka la kuzuia unyevu lililowekwa chini ya ukuta. Kila jioni maua yakimwagiliwa, ukuta nao unakunywa. Juu yake, bomba la kiyoyozi lilidondosha maji mahali palepale. Tulichimba udongo ukashuka chini ya tabaka lile, bomba tukalipeleka mbali kwenye mfereji, tukaacha ukuta ukauke miezi yote ya kusi. Kazi hiyo haikuhitaji seremala wala fedha nyingi, na ninaamini ndiyo iliyookoa sakafu. Mengi ya yaliyofuata yalikuwa ya kupendezesha.

Kutuna kwenyewe kulikuwa na sababu ya pili. Mbao hupanuka kwa upana wake hewa inapojaa unyevu, na huhitaji nafasi ya kupumua ukutani. Mtu aliyewahi kurekebisha kuta za nyumba alijaza nafasi hiyo kwa saruji. Vibao vilipovimba havikuwa na pa kwenda ila juu. Fundi wangu, mzee aliyefanya kazi ya mbao Mombasa maisha yake yote, aliigonga ile saruji kwa patasi akatikisa kichwa. "Mwanangu, hawa wameufunga mlango na mgeni yumo ndani." Tuliitoa yote, tukaacha pengo la milimita 12 kuzunguka chumba, likafunikwa na ubao wa ukutani.

Vibao vilivyolegea tulivitoa kimoja kimoja na kuviandika namba kwa chaki. Vingi vilikuwa vizima kabisa. Vilivyoliwa na mchwa vilikuwa na ule mti mweupe wa pembeni. Moyo wa mvule, ule wa kahawia, mchwa hawakuugusa. Lami kuukuu mgongoni mwa kibao ni kero, kwa maana gundi nyingi za mbao hazishiki juu yake. Tuliviweka kwenye friza usiku, asubuhi lami ikawa ngumu na kukatika, ikabanduka kwa patasi. Ningemsihi yeyote asiipige mashine: baadhi ya gundi nyeusi za zamani zilitiwa asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na vumbi lake si la kuvutwa na mtu. Tuliibandua kwa mkono, polepole, tumevaa barakoa, tukaifunga ndani ya mifuko.

Vibao vya kujazia nilivipata kwenye bangalo lililokuwa likibomolewa ili pajengwe fleti. Iliniuma kuona mvule ule umetupwa pamoja na kifusi. Nilivinunua vyote, hata visivyohitajika, nikavipanga sebuleni kwa wiki kadhaa kabla ya kubandika ili vizoee hewa ya chumba. Mbao iliyokaushwa kwa hewa ya Nairobi ikiletwa Mombasa na kubandikwa siku hiyohiyo itavimba baadaye, hilo ni hakika.

Msasa tulipiga kaskazi iliposhika, Januari, mvua zikiwa zimekatika. Mashine ya kukodi ilianza na namba 40, ikaja 60, 80, kisha 120. Kwa kuwa vibao vimelala pande mbili, hakuna upande mmoja wa kufuata nyuzi, hivyo duru za kwanza zilikwenda mshazari wa chumba na za mwisho zikafuata mwanga wa dirisha. Kila msumari ulididimizwa kwanza. Mvule nao una jambo lake: ndani ya mti huota vijiwe vya chokaa, vigumu ajabu, na kimoja kinatosha kuchana karatasi ya msasa. Mzee alivijua kwa sauti tu, akasimamisha mashine na kuvitoa kwa ncha ya patasi.

Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana pua, na vumbi la mbao kwa jumla limetambuliwa kimataifa kuwa linasababisha saratani ya pua. Barakoa nzuri hapa ni lazima. Mfuko wa mashine tuliumwaga nje kila mara, kwa sababu vumbi lenye vanishi ya zamani likilundikana lina uwezo wa kupata joto na kushika moto lenyewe.

Mlangoni palibaki madoa meusi ambayo msasa haukuyatoa. Hayo ni chuma cha misumari iliyoota kutu kikikutana na kemikali za asili za mbao yenyewe. Tuliyapaka asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji, tukasuuza, tukaacha pakauke vizuri. Yalififia, mengine yakaisha.

Vanishi niliijaribu kwanza kwenye vibao vya akiba. Mvule una kemikali zake za asili ambazo huzifanya baadhi ya vanishi za mafuta zikawie kukauka, na kweli, kibao kimoja kiliendelea kunata. Niliamua kutumia poliyurethani ya maji, vanishi isiyo ya mafuta. Tulipaka asubuhi jua likishapanda, kamwe si jioni hewa inapokuwa nzito. Kabla ya kila mkono tulifuta vizingiti vya madirisha kwa kitambaa kibichi, maana upepo wa bahari huleta mchanga laini na chumvi, na chembe zake zikinasa kwenye vanishi huonekana milele. Kati ya mkono na mkono tulisugua kidogo kwa msasa namba 220.

Mama alipoiona mara ya kwanza alisikitika: mvule uliopigwa msasa huwa na rangi ya manjano, mbali na ile kahawia aliyoizoea. Ndugu yangu akashauri tuitie rangi. Niliwaomba wasubiri, kwani mvule hukolea wenyewe ukipata mwanga. Kwa sababu hiyo hatukutandika zulia mapema, lisije likaacha alama ya mraba katikati.

Sasa mlangoni kuna busati la kukung'utia mchanga na ndoo ya kunawia miguu, kwani mchanga wa ufukweni chini ya kandambili ni msasa tosha. Miguu ya viti imevishwa vipande vya kitambaa kizito. Kudeki kwa kumwaga maji, kama tunavyofanya kwenye saruji, nimekupiga marufuku: kitambaa hukamuliwa kwanza. Baada ya masika mengine mlango wa barazani unafungwa kwa kidole.

Ukumbi bado. Vibao vyake vimeandikwa namba, vya akiba vipo, na nailoni tuliyobandika kule ilitoka kavu, kwa hiyo mzee amekubali kuanza kaskazi ijayo.