Kauli ya Mayu pale Saanane

Nimejilaza tangu saa nne, usingizi hauji. Maneno ya Mayu, mama mkwe wangu, hayajaniachia.

Jumamosi tulikwenda kisiwa cha Saanane, Mwanza, ukoo mzima. Boti kutoka Capri Point ni mwendo mfupi, Neema hata hakumaliza maswali yake ya mamba. Mayu kakumbatia kikapu cha sato wa kukaanga, anawasimulia wajukuu kwamba kisiwa kile kilikuwa makazi ya Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, mpaka serikali ilipokichukua kikawa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Hifadhi ya taifa kimekuwa mwaka 2013. Mayu mpaka leo anasema "bustani", na hakuna anayemsahihisha.

Watoto walipanda majabali wakitafuta pimbi na wale mijusi wa vichwa vyekundu. Sisi tukabaki chini ya miti ufukweni: mbio za magunia, kisha kuvuta kamba, wanawake kwa wanaume. Tuliwashinda! Kamba ilipowaponyoka nikaanguka chali, Wifi Mdogo juu yangu, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Wifi akainuka kuwafuata watoto. Nainua uso, Mayu huyo hapo.

"Mama Neema, kumbe unaweza kucheka hivi?"

"Nacheka, Mayu."

"Hm. Kwangu hujawahi."

Akaenda zake kufunua vyombo.

Basi. Wiki hii Wifi Mkubwa kajifungua mapacha salama, kazini tumeletewa meneja mpya, na mimi nasikia hilo tu: kwangu hujawahi. Nikiwa kwenye daladala nalisikia, nikipiga hesabu za mwezi nalisikia.

Mwanzoni niliwaka. Nikifika kwake Magu, kabla sijapumzika nimeshajifunga kanga niko jikoni. Nasonga ugali, nateka maji, nalala wa mwisho. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimefundwa kwamba mbele ya mkwe mtu hutunza meno yake. Heshima yote ile yeye kaiona kununa? Baba Neema anasema mama yake alikuwa anatania. Mayu hatanii, mnamjua.

Jana jioni nachambua dagaa, ile "hm" yake ikanirudia. Mayu akikasirika sauti hupanda, majirani wakasikia. Hii ilikuwa ya chini. Na alisubiri Wifi aondoke kwanza. Nikanawa mikono, nikampigia.

"Shikamoo Mayu."

"Marahaba. Watoto wazima?"

Wazima. Nikauliza ng'ombe, nikauliza mvua. Kimya kidogo.

"Unakuja lini?"

"Desemba, Mayu, shule zikifungwa tunakuja wote."

"Njoo kabla yao," akasema. "Njoo peke yako."

Mkwe wangu hajawahi kuniita mimi. Huita mwanawe, huita wajukuu, na mimi nimo humo humo. Nimefurahi kiasi kwamba Baba Neema sijamwambia bado, nataka nikae nalo mwenyewe kwanza. Mwisho wa mwezi huu naomba ruhusa ya siku mbili, huyo meneja mpya atanijulia hapo hapo.

Kinachonikosesha raha sasa ni lile jabali nyuma ya nyumba. Mvua za juzi zimekula udongo chini yake, upande wa choo, na fundi aliyeahidi kuja kulitazama hapokei simu. Watoto nimewahamishia chumba cha mbele. Mwenye nyumba anasema limekaa hapo tangu enzi za babu yake.