Mashati Sita ya Kitambaa Kimoja

Disemba kwetu, upande wa Khayega, ni mwezi wa vumbi. Mahindi yameshaingia ghalani, mabua yamelala shambani, na kila gari linaloacha lami ya Kisumu na Kakamega kuingia vijijini linavuta mkia wa vumbi jekundu nyuma yake. Disemba ya 1997 haikuwa hivyo. Mvua iliyoanza Oktoba ilikataa kwenda kwao. Hata kukhu, bibi yetu mzaa baba, ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati, alilijua jina lake: Elinino. Alilitamka kama mtu anayemtaja mkwe mbaya.

Tulikuwa wavulana sita. Kaka mkubwa alikuwa na miaka kumi na saba na ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Akafuata wa pili, kisha mapacha, Mukhwana na Mulongo, kisha mimi wa miaka kumi na mmoja, na mwisho kitindamimba wa miaka mitano. Tangu mapacha wazaliwe jina la kaka mkubwa lilisahaulika kabisa; wazazi wetu wakawa Baba Mukhwana na Mama Mukhwana kwa kila mtu, hata kwa mwalimu mkuu. Nadhani kaka alilichukia jambo hilo, ila sijawahi kumsikia akisema.

Wanawake waliokuja kumsalimu Mama walikuwa na tabia ya kuhesabu vichwa vyetu, halafu wanamgeukia kwa huruma.

"Sita! Na nani anakusaidia jikoni?"

"Kwani hawa hawana mikono?"

Mikono tulikuwa nayo, na wiki ile ilikuwa ndani ya mavi ya ng'ombe hadi kwenye viwiko. Nyumba lazima ikandikwe kabla ya Krismasi. Kwa majirani hiyo ilikuwa kazi ya wasichana, na wasichana wenyewe walikuwa wakipita njiani polepole makusudi ili watuone. Mapacha walileta kinyesi kibichi kutoka zizini, wa pili akachunga jivu, mimi nikachanganya na udongo mweusi wa mtoni hadi ukawa mzito kama uji wa mtoto. Ukutani tulipaka udongo mweupe juu na mweusi chini. Sakafuni unaanzia pembeni kabisa mwa chumba ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, kiganja kikichora nusu duara, nusu duara, na kila moja inafunika ukingo wa mwenzake. Ukikosea hesabu unajikuta umejifungia kwenye kona. Mulongo alijifungia. Ilibidi arushiwe ubao.

Miaka mingine sakafu hukauka kwa siku moja. Mwaka ule tulilala kwa kukhu siku tatu tukiisubiri, na siku ya tatu kuku wa jirani akaingia, akatembea katikati ya chumba kwa maringo, akatokea mlango wa nyuma. Nyayo zake zilibaki pale hadi Pasaka.

Tulichokuwa tukisubiri hasa ni Baba. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha blanketi Nakuru, akiishi chumba kimoja mtaa wa Bondeni, na mwaka ule tulikuwa tumemwona mara moja tu, mwezi wa Aprili, alipokuja mazishini akalala usiku mmoja. Krismasi ilikuwa inakuja na Baba: unga wa ngano, sukari, mafuta ya Kimbo, mkate ambao ungefika umebonyezwa upande mmoja, na mashati yetu. Kila mwaka tulivaa mashati ya kitambaa kimoja, yaliyoshonwa na fundi mmoja wa Bondeni. Vipimo vilikuwa kwenye kamba. Kila Desemba, kesho yake ya Krismasi, Baba alitupanga ukutani, akaweka kamba ya katani begani, akaishusha hadi kiunoni, na alipofika akafunga fundo. Mafundo yalikuwa matano, kwa kuwa mapacha walitumia moja. Kamba ilirudi naye Nakuru ikakaa kwenye sanduku lake la mbao mpaka Novemba.

Alitarajiwa tarehe 23. Hakuja. Simu wakati huo ilikuwa ya ofisini na ya matajiri, kwa hiyo hakuna aliyejua lolote. Redioni wasomaji wa salamu walikuwa wakiwasalimia watu wa Mombasa na Nairobi kwa majina ya ukoo mzima, nasi tukatega masikio huenda jina letu litapita, hadi betri zikafa. Kwa kawaida tulizianika juani zikapata nguvu kidogo. Jua lenyewe liko wapi? Tukabaki na magari ya kampeni yaliyokuwa yakiteleza barabarani na vipaza sauti vyake, maana uchaguzi ulikuwa tarehe 29.

Jioni ya tarehe 24 Mama aliinjika maharagwe. Hakusema ni ya Krismasi, lakini tuliona ni mengi kuliko kawaida. Mapacha wakaulizana kwa kunong'ona kama kuna Krismasi ya maharagwe.

Ilikuwa imepita saa nne usiku mbwa alipobweka mara moja, kisha akanyamaza, akaanza kulia ile sauti ya furaha. Baba alisimama mlangoni akiwa ametota kutoka kofia hadi viatu, na begani ana katoni ambayo haikuwa katoni tena, bali karatasi laini iliyoshikwa na kamba.

"Basi limelala Kericho," alisema kabla hatujamwamkia. "Nauli maradufu. Kila mtu anarudi kwao, huyu Krismasi, huyu kura. Na pale chini Kano, maji pande zote mbili. Dereva alikuwa anaendesha kama mtu anayevua samaki."

Kutoka Khayega alikuwa ametembea, kwa sababu hakuna gari lililokubali kuingia kwenye ule utelezi. Alifungua koti. Ndani, juu ya kifua chake, kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo mbili: mashati. Makavu kabisa. Unga alikuwa ameuacha unyeshewe.

Mama akaweka pakiti moja kwenye taa ya koroboi, akaibonyeza. Ikabonyea. Akaichana. Unga uliogusa karatasi ulikuwa umegeuka ngozi nene, na ndani bado mkavu. Pakiti sita, kilo mbili mbili, zote vile vile. Nilimtazama usoni nikijua sasa atalipuka.

"Mvua imeshaanza kuukanda," alisema. "Leteni chumvi."

Unga uliolowa haungengoja asubuhi, basi tukapika chapati usiku ule ule. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile tangu hapo, na nimefanya kazi nyingi. Kaka mkubwa alikanda kwa ngumi kwenye karai la kuogea lililosuguliwa kwa jivu. Wa pili alisukuma kwa chupa ya soda juu ya meza iliyopinduliwa kifudifudi. Mapacha walikuwa wa moto. Kuni zilikuwa mbichi, na walipulizana hadi macho yakawa mekundu kama ya walevi wa busaa. Mimi nilikuwa wa kugeuza. Mama alikaa kwenye kigoda akiagiza, na kitindamimba alilala miguuni pake akiwa ameshika kipande cha unga mbichi.

Chapati za wa pili zilikuwa na pembe nne, wakati mwingine tano, kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Zangu niliunguza nane za kwanza. Baadaye nikajua siri: usiigeuze mpaka vivimbe vidogo vitokee juu na rangi ibadilike kuwa kama ya nta, ndipo upake mafuta, geuza, bonyeza ukingo kwa kitambaa kilichokunjwa, ukiizungusha. Ikijaa hewa katikati kama shavu, imekubali. Mpaka leo nikisikia ule mchomo mdogo wa mafuta kwenye chuma nasikia pia mvua juu ya mabati.

Kukhu aliona moshi akaja, amejifunika gunia. Akasimama mlangoni mwa jiko akatutazama mmoja mmoja: wanaume wanne na nusu kuzunguka mafiga, na mwanawe mwenyewe ameketi juu ya kinu anakausha soksi.

"Mama Mukhwana, wajukuu wangu umewafanya nini?"

"Wanapika, Mama."

"Naona wanapika." Akanyamaza. Kisha akanigeukia, maana nilipewa jina la marehemu mumewe na siku zote aliniita Kuka, yaani babu, kwa heshima yake. "Kuka, hiyo inaungua."

Akakaa. Akala tatu.

Asubuhi Baba alifungua nailoni. Kitambaa kilikuwa cha buluu yenye mistari myembamba ya kahawia, kizuri kweli. Kaka mkubwa aliingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, na mgongoni tukasikia uzi ukilia. Akalivua polepole. Wa pili akajaribu lake, vifungo vikagoma. Mapacha vivyo hivyo. Kitindamimba, aliyekuwa na tumbo la uji, aliliinua lake akalitazama kwa mshangao kama la mtoto mwingine.

Baba akatoa kamba mfukoni. Aliishika kwa ncha mbili kama wakili anayeonyesha ushahidi.

"Fundi nilimpa hii. Kamba haidanganyi."

"Haikudanganya," Mama alisema. "Ni ya mwaka jana."

Baba aliweka kamba begani kwa kaka mkubwa akaishusha. Fundo lilisimama juu ya mbavu. Akalitazama fundo, akamtazama kaka, ambaye sasa ilibidi amtazame kwa kuinua kidevu kidogo. Baba alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini pale alikohoa tu.

Mama ndiye aliyeamua. Mashati yakashuka ngazi. La kaka mkubwa likaenda kwa wa pili. La wa pili lilikuwa moja na mapacha ni wawili. Mukhwana akalichukua kwa kuwa alitangulia kuzaliwa, hoja ambayo ametumia maisha yake yote. Mulongo akabaki na lake, akaambiwa asivute pumzi sana. Lile lililoachwa na Mukhwana likawa langu. Langu likaenda kwa kitindamimba, likamfika magotini kama kanzu. Likabaki shati moja dogo lisilo na mtu, na mtu mmoja mkubwa asiye na shati.

"Mimi sihitaji," kaka alisema. "Nitabaki na ng'ombe."

Baba aliingia chumbani. Alitoka amevaa koti lile lile la jana, bado bichi, limefungwa vifungo hadi shingoni, na mkononi ana shati lake jeupe la Jumapili. Akamkabidhi kaka bila kumtazama. Lilimtosha mabega, likamtosha mikono, kola ikakaa. Hakuna aliyesema kitu. Baba alikaa kanisani ndani ya koti lile misa nzima, akinuka sufu na mvua, na kila aliyemuuliza kama anaumwa alijibiwa kuwa huko Nakuru ni baridi, amezoea.

Kwenye Gloria, ngoma zilipopigwa na watu wakaanza kuyumba, Mulongo alijisahau akavuta pumzi. Kifungo cha pili kutoka juu kiliruka kikampiga katekista shingoni. Katekista alipangusa kama mtu aliyetuliwa na nzi, akaendelea kuimba. Tuliuma midomo hadi mwisho wa mahubiri, na hata Mama niliona mabega yake yanatikisika.

Mchana tulikula chapati za pembe nne kwa kuku. Firigisi ilikuwa ya Baba, hilo halina mjadala kwetu, ila siku ile aliikata vipande viwili na kimoja akakisukuma kwenye sahani ya kaka mkubwa. Kukhu aliona. Aliomba dua ya kushukuru chakula, ikawa ndefu, na kama kila mwaka akaimalizia kwa kumkumbusha Mungu kuwa nyumba hii bado inadaiwa msichana.

Kesho yake tulipangwa ukutani tena. Kamba ilikuwa ile ile. Baba alifunga mafundo mapya chini ya yale ya zamani, na kwa mara ya kwanza mapacha walipata kila mmoja lake. Tarehe 29 wazazi walipiga kura wakiwa na matope hadi magotini, na tarehe 30 Baba akarudi Nakuru.

Lile shati dogo kukhu alitaka apewe mtoto wa jirani. Mama alilikunja, akalitia chini kabisa ya sanduku pamoja na majani ya mwarobaini. Akasema litapata mwenyewe.

Septemba 1998 alijifungua. Hesabu ya miezi mtafanya wenyewe. Kukhu alikuwa ameshaandaa jina la mama yake mzazi, akalibeba hadi hospitalini, na akarudi nalo: mvulana. Alikaa siku mbili bila kusema na mtu.

Krismasi ya 2001 Mama alilitoa lile shati sandukuni, buluu ikiwa bado buluu, akamvisha wa saba. Lilimkaa. Baba alivuta kola, akakagua mabega, akarudi nyuma hatua moja.

"Mnaona," alisema, "fundi hakukosea. Aliwahi tu."