RAM ya gigabaiti 8 iliyoonekana kama 3.4

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa wazi) ya gigabaiti 4, nami, kwa kuchoshwa na uzito wake kila nilipofungua kurasa nyingi za intaneti, nilinunua kipande kingine cha gigabaiti 4, nikiwa nimehakikisha kwanza kwamba vyote viwili ni vya aina moja ya RAM, yaani DDR3, kwa kuwa DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3. Nilipoiwasha, Windows 10 iliandika kuwa RAM ni gigabaiti 8, lakini zinazotumika ni 3.4 tu.

Nilimshuku muuzaji, na nakiri kwamba nilimkosea. Nilibadilisha matundu, nikajaribu kila kipande peke yake, vyote vikafanya kazi. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa maelezo ya mfumo: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya biti 64, ilhali mfumo endeshi uliowekwa, yaani Windows yenyewe, ulikuwa wa biti 32, ambao katika toleo hilo la Windows hauvuki gigabaiti 4, na sehemu ya nafasi hiyo hutengwa kwa ajili ya vifaa kama kadi ya picha.

Kwa kuwa mfumo wa biti 32 hauwezi kupandishwa hadi biti 64 bila kusakinishwa upya, nilihamishia mafaili yangu kwenye diski ya nje, kisha nikaweka toleo la biti 64. Leseni ileile ilikubali. Printa yangu ya zamani tu ndiyo iliyonisumbua, hadi nilipopata draiva yake (programu inayoiunganisha na Windows) ya biti 64.